Gauni la Nusu Doti

Radhiya Silima alikuwa mtu wa subira, mpaka siku alipokaa mbele ya cherehani. Jumatano hiyo, hata adhana ya adhuhuri haijaadhiniwa, uzi ulikuwa umeshamkatikia mara sita, sindano moja imevunjika, na kola aliyohangaika nayo tangu asubuhi imetoka upande mmoja mrefu na mwingine mfupi. Aliinyanyua dirishani penye mwanga akaiangalia. Kisha akaisonya, msonyo mrefu wa kutoka moyoni, na kuchukua wembe aifumue tena.

Cherehani chenyewe kilikuwa cha mkono, cha marehemu bibi yake. Kilitoka Tumbatu kikaja Mkokotoni, kikatoka Mkokotoni kikaja Mpendae, na kila kilipohamia kilipata maradhi mapya. Ukikizungusha taratibu kinaruka mishono. Ukikizungusha haraka kinaumeza uzi wote wa bobini na kuutapika chini ya kitambaa, umejikunja vifundo vifundo.

"Kwa nini usimpelekee fundi?" aliuliza Sami, mumewe, aliyekuja kunywa maji na kukuta mkewe kakaa katikati ya vipande vya nguo.

Radhiya aliuweka wembe chini. Alimtazama tu, na Sami, ambaye miaka mitatu ya ndoa ilikuwa imemfundisha mambo mawili matatu, akanywa maji yake na kuondoka.

Kwa fundi hakukuwa na njia. Gauni hili lilikuwa ni mtihani, na aliyeuweka mtihani ni mama yake Sami, Bi Bahiya Ghanim wa Kiponda, ambaye angeujua mshono wa fundi hata kama angeuona kwa mbali.

Mambo yalianza wiki iliyopita. Radhiya alikwenda mjini kumjulia hali mkwewe, kama alivyokwenda kila wiki. Akatoa shikamoo yake, akajibiwa "Marahaba, mke wa Sami," kama alivyojibiwa kila wiki. Bi Bahiya hakuwahi kumwita kwa jina. Kwake yeye Radhiya alikuwa mke wa Sami, basi, kama mtu anavyosema mlango wa jirani. Baada ya salamu mazungumzo yakakauka, na Radhiya, kwa kutafuta la kusema, akaisifu picha iliyotundikwa ukutani. Ilikuwa picha ya studio ya zamani, nyeusi na nyeupe. Bi Bahiya kijana kasimama wima ndani ya gauni la shati: kola iliyolala vizuri, vifungo kutoka shingoni hadi pindoni, mkanda umekaza kiuno, na chini limefunguka kwa raha na kupita magoti.

"Gauni zuri hilo, mama."

"Nilishona mwenyewe, nna miaka kumi na tisa," alisema Bi Bahiya. "Nyie wa leo mnajua kubonyeza simu. Kifungo kikikatika, mbio kwa fundi."

"Mie naweza kulishona, mama."

Mpaka leo Radhiya hajui shetani gani alimsukuma kusema vile. Alijua kupiga pindo la pazia, na pazia lenyewe lilikwenda tenge. Lakini neno lilishatoka, na Bi Bahiya alikwishanyanyuka na kufungua sanduku lake. Alitoa kanga mpya, nyekundu na nyeusi, bado ina harufu ya dukani, akamtupia mapajani.

"Haya. Chini shona kwa hiyo, juu tafuta kitambaa cheupe. Ukilimaliza, Ijumaa ntakuja Mpendae kuliona. Usipolimaliza, basi tena."

Kwa mtu mwingine hayo ni maneno ya kawaida. Kwa watu wa nyumba ile yalikuwa makubwa. Sami alipooa, Bi Bahiya alikuwa amewatengenezea chumba cha juu pale Kiponda: amekipaka chokaa, ametundika mapazia, kitanda cha samadari amekipiga msasa na kukirudishia rangi. Maharusi wakakaa siku saba, wakahamia Mpendae kwenye nyumba ya kupanga. Bi Bahiya hakugomba. Alisema tu kwamba yeye miguu yake haiwezi kufika mashamba. Mpendae si mashamba, ni mwendo wa dakika kumi kwa gari, lakini kwa miaka mitatu miguu ile haikufika. Kila Idi Sami aliweka kiti cha mama yake, na kila Idi kiti kilikaa kitupu. Radhiya aliona jinsi mumewe alivyokuwa akikikwepa kwa macho, na moyo ulimuuma. Kwa hiyo gauni lile lingemalizika, ama zake ama za cherehani.

Alipofika nyumbani akaikunjua kanga, hasira zikampanda upya. Kilikuwa kipande kimoja.

"Nusu doti!" alimwambia Sami. "Mtu mzima mwenye akili zake, anampa mkwe wake nusu doti! Ya pili kaiweka ya nini, ya kupangusia meza?"

Kila mtu anajua kanga huja mbili. Moja ya kujifunga, moja ya kujitanda. Kumpa mtu moja ni sawa na kumpa kiatu cha mguu mmoja, na Radhiya hakuona kwa nini aambiwe ashukuru.

"Lakini soma jina lake," alisema Sami.

Jina la kanga lilikuwa limeandikwa katikati, juu ya pindo, kwa herufi nyeupe pana: MKWE SI ADUI.

Radhiya alilisoma mara mbili. Mkwe ni neno la pande mbili; Bi Bahiya ni mkwe wa Radhiya, na Radhiya ni mkwe wa Bi Bahiya, na kanga haikusema ni yupi anayeambiwa. Kama huu ulikuwa mkono wa suluhu, basi ulikuwa umenyooshwa nusu, kama doti yenyewe. Lakini ulinyooshwa.

"Maneno mazuri," alikiri. "Nusu."

Mwaka huo Bi Bahiya alikuwa amejifunza kutuma ujumbe wa sauti, na hiyo ilikuwa balaa ya peke yake. Tangu Jumamosi simu ya Radhiya haikupumua. Ujumbe wa dakika nne, dakika moja na nusu ya mwanzo Bi Bahiya anagombana na muuza samaki, halafu anakohoa, halafu anasema, "Mikono iwe ya robo, usinitilie mikono ya kanzu," kisha muuza samaki anarudi. Ujumbe kuhusu mkanda. Ujumbe kuhusu vifungo, viwe kumi na moja, vya lulu, visiwe vya plastiki ya rangi rangi. Ujumbe wa kuuliza kwa nini ule wa kwanza haukujibiwa. Kwa kila mmoja Radhiya alibonyeza na kujibu neno lile lile alilolijibu tangu siku ya harusi.

"Naam, mama."

Alhamisi asubuhi kola ilikubali kulala, au tuseme Radhiya alikubali ilivyolala. Sehemu ya juu ikawa imekamilika: nyeupe, mikono ya robo, kifua kimekaa pahala pake. Ikabaki kanga. Ujumbe ukaingia.

"Tandaza chini. Pindo lije upande wako. Ikunje nusu kwa nusu, halafu hapo ilipokunjika ndo ukate, katikati ya jina. Nusu ya jina ende huku, nusu ende huku, vifungo vikifungwa lije likutane sawasawa. Kisha pinda ndani vidole viwili kila upande, ndo pahala pa vifungo. Vidole viwili, si kimoja. Ushanifahamu?"

Radhiya aliusikiliza mara tatu, mkasi mkononi. Kitu kilimkereketa, asijue ni nini. Akabonyeza akauliza, kwa adabu zote, "Mama, kulikata jina si vibaya?"

Jibu lilikuja upesi, na safari hii bila muuza samaki.

"Mie nshashona magauni weye hujazaliwa."

"Naam, mama."

Akakata. Mkasi ulipita katikati hasa, baina ya S na I, na Radhiya akaona fahari kidogo kwa jinsi alivyonyoosha. Akapinda vidole viwili upande huu, vidole viwili upande ule, akatia pini, akashona. Akili yake haikuwa kwenye jina tena. Ilikuwa kwenye tundu kumi na moja za vifungo, ambazo cherehani cha bibi hakikujua kuzishona, kwa hiyo zote zilikuwa za mkono.

Yeyote aliyebuni tundu ya kifungo hakuwa na kazi za nyumbani. Tundu ya kwanza ilitoka pana, kifungo kikapita kikadondoka kivyake. Ya pili ilikuwa finyu hata kidole cha mtoto kisingepenya. Ya tatu aliishona vizuri, akashukuru Mungu, akagundua ameishona upande usio wake. Mpaka anafika ya kumi na moja, vidole vilikuwa vimetobolewa vyote, na Radhiya alikuwa amewatukana kimoyomoyo fundi wa kwanza duniani, mpiga picha wa studio, na wale wote waliohusika kumzaa Sami, kisha akaomba toba kwa hili la mwisho.

Ijumaa umeme ukakatika pasi ikiwa juu ya gauni. Ukarudi pilau ikiwa jikoni na gauni halina mkanda. Sami alikuwa akizunguka nyumba nzima anatafuta kofia, na kila akipita anauliza kama bado. Saa sita Radhiya alilivaa gauni, akafunga vifungo kumi na moja, akaukaza mkanda, akasimama mbele ya kioo.

Lilikuwa zuri. Hakutaka kusema hivyo mapema, lakini lilikuwa zuri. Kola ilikwenda upande kidogo, sawa, lakini kiuno kilikaa na chini lilifunguka kama lile la pichani. Jina lilikuwepo pale juu ya pindo, herufi nyeupe kwenye nyekundu. Kioo hugeuza maandishi, na mtu anayeyajua maneno hayasomi, anayakumbuka tu. Radhiya aliyakumbuka, akaridhika.

"Umependeza," alisema Sami, ambaye alikuwa ameiona kofia yake juu ya friji, akatoka kwenda kusali na kuwafuata wageni.

Radhiya akajifunga kanga kuukuu juu ya gauni asilitie mchuzi, akarudi jikoni.

Baada ya sala ya Ijumaa gari likasimama nje. Radhiya alisikia mlango wa gari, kisha kimya kirefu, kisha fimbo ikigonga kizingiti. Bi Bahiya aliingia kwa mguu wa kulia, anasoma bismillahi chini kwa chini, na nyuma yake akaja binti yake Kawthar, wifi yake Radhiya, mtu mcheshi asiyejua kuzuia ulimi. Sami alikuwa mlangoni, hajui mikono yake aiweke wapi. Bi Bahiya akaangalia ukuta, akaangalia dari, akaangalia kile kiti. Akakaa.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mke wa Sami. Kweupe humu."

Kwa mtu wa Kiponda, penye vichochoro vya giza, hiyo ni sifa. Kisha Bi Bahiya alivua baibui lake, Kawthar akampokea, na Radhiya akabaki ameduwaa na sahani mkononi. Kiunoni mwa mkwewe, juu ya gauni la kukaa nyumbani, ilikuwa imefungwa kanga nyekundu na nyeusi. Mpya. Jina lake linasomeka waziwazi nyuma alipogeuka kuuweka mto sawa: MKWE SI ADUI.

Ilikuwa ile ya pili.

Doti moja hugawanywa na watu wawili kwa sababu moja tu. Dada na dada, shoga na shoga: wewe moja, mimi moja, tuvae sare. Radhiya alijua hivyo tangu utotoni. Mama yake na mama yake mdogo hawakuwahi kununua doti mbili. Na wiki nzima yeye alikuwa akiiita nusu doti, akisema ya pili ni ya kupangusia meza. Uso ulimwaka kwa aibu na furaha kwa pamoja, akatamani kumkumbatia bibi yule hapo hapo, fimbo na ukali wake na kila kitu.

"Chakula baadaye," alisema Bi Bahiya. "Vua hiyo kanga ya jikoni nilione gauni."

Radhiya aliweka sahani. Akaifungua kanga kuukuu, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mabega.

Wa kwanza kusoma alikuwa Kawthar. Alifungua mdomo, akaufunga, na mkono ukaenda kinywani, lakini ulichelewa.

"Mkwe adui!" alisema. Kisha kicheko kikamshinda. "Ya Rabi! Mama, kikulacho ki nguoni mwako!"

Radhiya aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze, alisoma. MKWE, vifungo, ADUI. Vidole viwili upande huu, vidole viwili upande ule, na neno zima limezama ndani ya upindo. Miaka mitatu ya kumsubiri mwanamke huyu aingie mlangoni, na siku alipoingia, mwenyeji wake amemsimamia mbele na tusi pindoni, kulishona kalishona kwa mkono wake mwenyewe.

Kicheko cha Kawthar kilikatika. Bi Bahiya alikuwa akiliangalia gauni. Akaiangalia kanga yake. Akaliangalia gauni tena.

"Nani aliyekwambia ukate hapo?" aliuliza taratibu.

Nyuma yake Sami alikuwa akitikisa kichwa. Sema chochote, macho yake yalisema, sema hukuangalia, sema naam. Neno lenyewe lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Radhiya, limezoea njia. Likakwama. La kuvunda halina ubani.

"Wewe, mama," alisema.

Sami alifumba macho.

"Wewe. Ukate katikati ya jina, upinde vidole viwili, si kimoja. Nikakuuliza si vibaya, ukanambia ushashona mie sijazaliwa. Kola nimeifumua mara nne! Vidole vyangu hivi havifai hata kumegea wali. Wiki nzima simu yangu inazungumza na muuza samaki wako. Nimefanya kila ulichosema, mama. Tangu siku ya harusi, kila ulichosema nimekifanya!"

"Ila kimoja," alisema Bi Bahiya.

Kila mmoja alijua ni kipi. Chumba cha juu cha Kiponda kilikuwa kama kimeletwa pale katikati yao, na mapazia yake na kitanda chake. Radhiya aliona, kwa mara ya kwanza, kwamba bibi yule hakuwa amekasirika miaka yote ile. Alikuwa ameumia. Hasira zikamtoka, akakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu ya mkwewe.

"SI halikupotea, mama," alisema. "Limo ndani."

Akafungua vifungo viwili vya chini, akaugeuza upindo. Upande mmoja S, upande mwingine I, zimelala kizani, nzima.

Bi Bahiya aliushika upindo. Akapitisha dole gumba juu ya mshono, polepole, akaenda mpaka mwisho akarudi. Akazikagua tundu za vifungo moja moja, ya saba akaisonya, ya nane akaipita.

"Mshono wenyewe umekaa," alisema. Akauachia upindo. "Mie ndo niliyekosea. La pichani halikuwa la kanga, lilikuwa kitambaa cha maua. Maua ukiyakata hayasemi kitu."

Sami alifumbua macho. Katika umri wake wote hakuwahi kumsikia mama yake akitamka neno nimekosea, na hakujua kama akae au asimame.

"Lete wembe, na sindano na uzi mweupe."

Radhiya alileta, akijua kazi yake ya wiki nzima inakwenda kufumuliwa mbele ya macho yake. Lakini Bi Bahiya hakuligusa gauni. Alifungua kanga kiunoni mwake, akaitandaza mapajani, akalitafuta jina. Na kabla mtu hajasema neno, akauzungusha wembe kando kando ya S na I.

"Mama!" alisema Sami. "Kanga mpya hiyo!"

"Nyamaza, mkono utaniteleza."

Kipande kilitoka, kidogo, cha mraba. Kawthar akatunga uzi, maana macho ya mama yake hayakuwa tena ya sindano. Bi Bahiya alimvuta Radhiya karibu kwa pindo la gauni, akakipinda kipande kingo zake, akakishona juu ya upindo wa vifungo, juu kidogo ya mstari, baina ya MKWE na ADUI, kama mwandika barua aliyesahau neno akalirudishia juu. Mkono ulikuwa wa kizee, lakini mishono ilitoka midogo, sawasawa, mizuri kuliko yote iliyokuwa kwenye gauni lile, na Radhiya hakuona uchungu kukiri.

Bi Bahiya alikata uzi kwa meno. Kisha akanyanyuka, akajifunga tena kanga yake. Tundu ilikaa pale pale palipokuwa na neno, na ndani yake likachungulia gauni lake la nyumbani, la maua.

"Na yako, mama?" aliuliza Radhiya. "Utatoka nayo vipi, inasema vile?"

"Yangu naijua ilivyoandikwa," alisema Bi Bahiya, akaitafuta fimbo yake. "Pakua, Radhiya, nna njaa. Na Ijumaa ijayo uniwekee wembe tayari, kola hiyo imekwenda upande."